Kadi Kumi na Moja za Kavimvira

"Mjomba wako alikuwa anauza ndizi nyuma ya goli," Placide alisema bila kuinua macho. "Niliwahi kununua kwake. Zilikuwa mbichi."

Jacques, mwenyekiti wa umoja wa watu wa mji wa Uvira waishio Johannesburg, alikuwa amesimama katikati ya duka la uchapaji pale Jeppestown, tai shingoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni, kama mtu aliyetumwa kukagua kazi ya serikali. Alikuja na picha ya mjomba. Picha yenyewe ni ya mwaka 1981: mjomba kavaa suti, kaegemea pikipiki ya mtu mwingine.

"Papa Placide, mimi sisemi awe mshambuliaji. Hata beki tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Lakini karatasi imetoka kwenye umoja, bana."

"Basi chukua karatasi yako ukafungie ndizi."

Kijana Parfait, mwenye duka na mwajiri wa Placide, aliyekuwa akikata vipeperushi vya kanisa fulani, akajifanya anakohoa. Jacques akaondoka akisema kwamba mzee huyu siku moja atabaki na watu wake wa karatasi tu. Placide akarudi kwenye kadi za wachezaji alizokuwa akichora. Alikuwa na hasira za aina mbili, za kurithi na za kujitafutia, na mwenyekiti hakustahili hata moja kati ya hizo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki ya fainali ya Kombe la Dunia, mwezi wa saba 2018. Jumapili, baada ya ibada, watu wa umoja wangekusanyika ukumbini kule Bellevue kutazama fainali, na kabla mpira haujaanza kadi kumi na moja za Placide zingetundikwa ukutani ili kila mtu azione. Kumi na moja, si kumi na mbili. Si kumi na moja na mjomba.

Mambo yalianza mwezi wa tano. Vijana kwenye robot, zile taa za barabarani karibu na duka, walikuwa wakiwauzia wenye magari albamu za kubandika picha za wachezaji. Mteja mmoja akasahau ya kwake juu ya meza. Placide akaifungua, akapekua ukurasa kwa ukurasa, nyuso mia sita na zaidi, zote zimeng'aa kama vijiko vipya. Akaifunga. Akaifungua tena, kama mtu anayerudia kusoma barua ya tusi. Alikumbuka mwaka 1974, nchi yake, Zaïre, ilipokwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani na yeye ana miaka kumi na mitatu, amekaa chini ya redio ya jirani akingoja asikie jina hata moja la Nyota ya Kavimvira, timu ya mtaa wao kule Uvira. Hakusikia hata moja. Na Nyota walikuwa wamelitwaa kombe la mkoa mwaka mmoja nyuma, mbili kwa moja, pale pale uwanjani kwao! Mtu mmoja mwenye miwani, aliyejitambulisha kuwa mteuzi wa timu ya taifa, alikuja, akala samaki siku tatu, akaandika majina kwenye daftari, akapanda lori. Tangu hapo, kimya. Daftari halikuonekana, mteuzi hakuonekana, na wale wachezaji wakazeeka wakivua, wakishona, wakikimbia vita.

Placide alisoma hadi darasa la sita, basi. Lakini alikuwa amesoma kila kilichofungia kitu kingine: magazeti ya samaki, vitabu vya misheni visivyo na jalada, karatasi za sheria zilizofungia karanga. Kutokana na hayo alijifunza jambo moja, kwamba ambaye hakuandikwa huambiwa hakuwepo. Kwa hiyo akaamua kuwaandika. Angewachapia kadi zile ambazo zilipaswa kuchapwa mwaka 1974 na hazikuchapwa, na zingeonekana za mwaka 1974 hasa, siyo hizi za kung'aa.

Basi akapata kazi ya kumtoa jasho. Picha hazikuwepo, zilikwenda na nyumba zilizochomwa, kwa hiyo aliwachora kwa kichwa. Alitumia karatasi ngumu ya kadi za harusi. Akishachapa, alizilowesha kwenye chai ya rangi, akazikausha juu ya mashine ya kubandika maandishi kwenye fulana, kisha akazipigapiga pembe kwa ufunguo mpaka zichakae. Jezi aliipaka kijani yenye nyota ya njano. Nyuma ya kila kadi aliandika habari za mtu. Za kipa zilisema: "Alidaka kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto ulikuwa wa sigara." Za namba tano: "Hakuwahi kumpiga mtu teke. Watu walijipiga wenyewe kwa woga." Na magoli pia aliyaandika. Namba tisa, Mulondani mwenye ndevu, alimpa thelathini na moja. Beki wa kushoto alimpa kumi na mbili, kwa kuwa mtu aliyesahaulika miaka arobaini na minne anastahili riba.

Parfait alikuwa akitazama tu. "Eish, Papa Placide. Karatasi mpya unaifanya kuukuu. Wateja wangu wanataka kinyume chake."

"Wateja wako hawajadhulumiwa vya kutosha."

Kilichomkera zaidi ni msururu wa wanaotaka kuingia timuni. Habari ilipoenea Bellevue na Yeoville, kila mwanamume wa Uvira aliyevuka miaka hamsini akakumbuka ghafla kwamba alichezea Nyota. Mmoja alisema alikuwa kipa wa akiba. Nyota haikuwa na kipa wa akiba, ilikuwa na sala. Mwingine alidai namba nne huku akiwa amezaliwa mwaka 1966. Katikati ya mwezi wa sita alikwisha kuwafukuza kumi na saba.

Wa kumi na nane alikuwa Bakiri.

Alikuja siku yake ya mapumziko, mzee mrefu aliyevaa koti la ulinzi na kofia ya sufu. Alisubiri mpaka waliofuata programu za mazishi wakahudumiwa wote. Kisha akasogea mezani, akasalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akasema, "Nasikia unaichora Nyota."

"Unasikia vizuri."

"Namba kumi na moja nilikuwa mimi. Winga wa kushoto. Mimi Bakiri, wa yule muuza sabuni."

Placide akavuta pumzi kama anayetaka kunyanyua gunia. Ile kadi alikuwa ameimaliza asubuhi hiyo. "Mzee wangu, namba kumi na moja alikuwa François. François wa masikio. Nilimwona kwa macho haya haya."

"François, kweli, lakini..."

"François hayupo kujitetea, ndiyo maana mnataka kumnyang'anya!"

Bakiri hakukasirika, na hilo likamuudhi Placide kuliko matusi. "Nina wajukuu hapa," alisema. "Swahili wanaisikia tu, hawaiongei. Nikiwaambia nilicheza mpira, uwanja mzima ukasimama, wanacheka. Wananiambia, mkhulu, yaani babu, wewe ulikuwa mlinzi tangu utotoni. Nikawaza, nikiwa na kadi hiyo mkononi..."

"Kwa hiyo unataka nikusaidie kuwadanganya wajukuu zako?"

Duka zima likasikia. Bakiri akaivuta kofia yake chini kidogo, akataja geti analolinda kule Randburg, endapo nafasi itapatikana, akashukuru kwa muda aliopewa, akatoka. Placide akamwambia Parfait, "Umeona? Hata waongo siku hizi wana adabu." Parfait hakucheka.

Ijumaa, siku mbili kabla ya fainali, kadi zote kumi na moja zilikuwa zimepangwa mezani, zimekauka, zinanuka majani ya chai. Placide alizitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Hapo ndipo alipoingia Mama Marcelline.

Marcelline alikuwa msusi wa Bellevue, mjane wa Mulondani, namba tisa mwenyewe. Placide alikuwa amemwita aje aione kadi ya mumewe kabla ya umati. Aliingia kwa haraka, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake, mikono inateleza mafuta.

"Fanya upesi, Papa. Nimemwacha dada wa watu na kichwa nusu."

Placide akampa namba tisa kwa mikono miwili. Marcelline akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, midomo ikicheza.

"Pua umeipunguza."

"Nimeipa heshima."

"Haikuhitaji heshima yako, ilikuwa pua nzuri. Lakini ndiye. Ndevu hizi ndizo zilizonipoteza." Akaipangusa kona kwa kanga, ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka kifuani. Kisha akaipitia meza kwa macho, akacheka, akanyoosha mkono wa pili. "Na hii nyingine nayo nichukue?"

"Ipi?"

"Hii ya ujana wake. Ya masikio."

"Hiyo siyo ya Mulondani, Mama. Hiyo ni ya François. Namba kumi na moja."

Marcelline akamtazama kama anavyomtazama mteja anayetaka misuko ya siku nzima kwa saa moja. "Na François ni nani?"

"Winga wa kushoto. Alicheza tangu sitini na tisa. Mimi nilipopelekwa Kalemie kwa baba mdogo, mwisho wa sabini na moja, nilimwacha hapo. Niliporudi mwanzoni mwa sabini na tatu..."

"Ulimkuta?"

Placide akaichukua kadi ya François, akaigeuza.

"Nakuuliza, Papa Placide. Uliporudi ulimkuta mtu anayeitwa François? Sabini na tatu? Zaïre ile? Nani angethubutu kumwita mtu François mbele ya watu?"

Mashine ya kukata karatasi ikasimama. Parfait alikuwa ameacha kazi ili asikie vizuri.

"Sabini na mbili si majina ya ubatizo yalipigwa marufuku?" Marcelline aliendelea, sasa kwa sauti ya kumfundisha mtoto. "Kila mtu akaambiwa achukue la mababu. Mimi mwenyewe Marcelline nilifichwa kabatini, nikatoka na jina la bibi yangu. François akawa Mulondani. Akaota ndevu mwaka huo huo, akarefuka, kocha akamtoa pembeni akamweka katikati. Ni mtu mmoja! Umeniozesha mara mbili, na mara zote kwa mtu yule yule!"

"Haiwezekani."

"Sikio hili la kushoto, lina ncha. Umelichora kwenye zote mbili, kipofu wewe!"

Alikuwa amelichora kweli. Kwa mkono wake, mara mbili, na mara zote mbili alijisifu kwamba amelikumbuka.

Placide akakaa kwenye boksi la karatasi. Kichwa alichokisifia maisha yake yote, kichwa kilichojua jina la mkuu wa wilaya aliyefunga kisima mwaka 1969, kilikuwa kimemgawa mtu mmoja vipande viwili na kumfukuza mwingine. Ile fainali ya mkoa ya mwaka 1973 aliitazama akiwa juu ya ukuta wa misheni, jua usoni. Upande wa kushoto hakuona mtu, aliona vumbi linalokimbia. Miaka yote alikuwa amelijazia vumbi lile sura ya François.

"Sasa kumi na moja alikuwa nani?" aliuliza, na alijua.

"Si yule Mmanyema mdogo! Bakiri, mtoto wa muuza sabuni. François alikuwa akisema, magoli yangu nusu ni ya Bakiri. Wewe humjui? Eko hapa hapa Johannesburg. Kwenye umoja hawamwoni kwa sababu kila mkutano wenu unaanzia kanisani na yeye ni mtu wa msikitini, lakini eko." Akachomoa kitana, akakielekeza kwake. "Si ulimpa kadi yake?"

Parfait ndiye aliyejibu. "Alimpa maneno, Mama."

Jumamosi asubuhi, baridi ya kukata masikio, Placide alishuka kwenye taksi Randburg akiwa na ubao wa kuchorea kwapani na penseli nne mfukoni. Parfait angefunga duka saa saba mchana. Baada ya hapo mashine isingewaka mpaka Jumatatu. Njiani alikuwa amejigombeza, akamgombeza Jacques, akaigombeza serikali ya wakati ule na majina yake, akarudi kujigombeza. Alipofika alikuwa amebakiwa na hasira ndogo tu, ya kutumia dharura ikitokea.

Geti lilikuwa la nyumba za ghorofa zenye ukuta na nyaya za umeme juu. Bakiri alikaa ndani ya kibanda, blanketi magotini. Alimwona, akamtambua, hakuinuka. Alisukuma daftari kwenye kidirisha.

"Jina, saa, namba ya nyumba unayokwenda."

"Mzee Bakiri, nimekuja kwako."

"Mimi siishi hapa. Namba ya nyumba."

"Sina namba ya nyumba! Nimekuja kukuona wewe."

"Daftari halina sehemu ya kumtembelea mlinzi," Bakiri alisema taratibu. "Miaka tisa, halijawahi kuihitaji. Kama huna namba, ubaki nje."

Placide akabaki nje. Akaushika ubao, akajiegemeza kwenye nondo za geti, akasema haraka, kabla ulimi haujapata njia ya kukwepa: "Nilikosea. François na Mulondani ni mtu mmoja. Kumi na moja ulikuwa wewe. Nimekuja kukuchora."

"Nilitaka kukwambia siku ile."

"Najua."

"Ulinikata neno kinywani."

"Najua, mzee. Nimekuja kulifuata."

Gari likapiga honi. Bakiri akainuka, akafungua, akaandika namba ya gari, akafunga, akarudi kukaa. Hakuwa na haraka yoyote, naye Placide alikuwa na saa tatu tu kabla Parfait hajazima mashine.

"Wajukuu wanakuja kwangu kesho," Bakiri alisema. "Nimewaambia tutatazama fainali nyumbani. Kule kwenu sikualikwa."

"Unaalikwa sasa. Na kadi itakuwepo. Kaa hivyo hivyo, usigeuke." Penseli ikaanza kukimbia. Chini ya mikunjo ile uso wa kijana ulikuwepo, taya jembamba, jicho la mtu anayetazama mbali kidogo kuliko mpira ulipo. Placide akajiuliza aliwezaje kusahau taya lile, akakumbuka kwamba hakulisahau, hakuwahi kulitazama. "Magoli. Msimu ule ulifunga mangapi?"

"Mawili."

"Mawili?"

"Moja la kujifunga."

Penseli ikasimama. "Mzee. Hii ni kadi ya nyota. Beki wako wa kushoto nimempa kumi na mbili!"

"Yule? Yule hakuwahi kuvuka mstari wa kati. Aliogopa mbio za kurudi."

"Nilitaka kumfuta machozi."

"Kwa uongo?" Bakiri akainama mbele, kwa mara ya kwanza sauti ikapanda. "Wewe uliniambia mimi nataka kudanganya wajukuu zangu. Mbele ya watu uliniambia. Sasa mimi nitawaonyesha kadi yenye magoli kumi na tano, wakue, wakutane na mtu wa Kavimvira anayejua, awacheke? Andika mawili. Moja la kujifunga. Na uandike kwamba goli la pili la fainali pasi ilikuwa yangu, kwa sababu ilikuwa yangu. Hapo ndipo uwanja uliposimama."

Placide aliandika. Aliandika kwa nguvu, karatasi ikatoboka kidogo. "Haya. Jezi ya kijani..."

"Kijani gani?"

"Usiniambie."

"Zilikuwa fulana nyeupe za kwaya ya misheni. Za kijani tulipewa baadaye, sabini na tano, timu imeshavunjika. Nyota tulishona wenyewe, kitambaa cha pazia. Ya kwangu ilikuwa na pembe nne, mama alichoka."

Kadi kumi zilikuwa zimelala Jeppestown, kijani tupu, zimeloweshwa, zimekaushwa, zimechakazwa pembe moja moja kwa ufunguo. Placide akatukana kwa Kifaransa, akatukana kwa Kifuliiru cha kwao, akaongezea neno alilojifunza kwenye kituo cha taksi. Mama mmoja aliyepita na mbwa akahamia upande wa pili wa barabara.

"Na kipa?" aliuliza mwishowe, akikata tamaa. "Sigara nayo si kweli?"

"Sigara kweli. Ila mkono ulikuwa wa kulia."

Placide akachomoa simu, akampigia Parfait. Alimwambia asifunge saa saba. Alimwambia achemshe maji ya chai, sufuria kubwa. Alimwambia zote, ndiyo, zote kumi na moja, toka mwanzo, na kama ana la kusema amwambie Mama Marcelline. Parfait alisema mambo mengi ambayo Bakiri aliyasikia vizuri kupitia nondo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mzee akacheka, akajifunika mdomo kwa glavu.

"Kuna ambao hukuwakosea?" aliuliza.

"Ndicho ninachotaka kujua! Anza na namba moja. Kila kitu, mzee, hata kisichopendeza. Mimi sitasema neno."

"Utaweza?"

"Sijui. Anza."

Bakiri akavuta kiti mpaka kwenye nondo, blanketi likiburuta. Akaanza na kipa, jina lake kabla ya sabini na mbili na jina lake baada yake, kijiji cha mama yake, na goli alilofungwa akiwa anawasha sigara. Alikuwa amefika namba tatu honi ilipopigwa tena, gari refu jeusi, dereva amenyoosha kiganja juu ya usukani kuuliza mlinzi yuko wapi.

"Subiri, bana!" Placide alimfokea kupitia kioo, penseli juu. "Huoni mtu anaongea?"